Mkono wa Uwanjani

Asubuhi ile tuligombana kwa sababu ya vumbi la mbao. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kwenye ujia wa nyuma ya nyumba. Uzi wa upinde ameunyoosha kati ya misumari miwili, anaupaka nta kwa vidole. Nikapita na shati langu la kazi. Akasema nimemtilia vumbi kwenye nta. Nikamwambia vumbi hilo lilikuwapo kabla yangu. Akajibu kwamba hata yeye alikuwapo kabla ya vumbi, na hakuna anayemjali. Nilicheka. Yeye hakucheka, ila alinisogezea chai.

Chai ilikuwa na sukari nyingi mno. Nikaendelea kuinywa. Ndiyo asubuhi yetu ya mwisho ya kawaida.

Mimi ni seremala. Sikwenda shule, kuandika nilijifunza ukubwani, kwa ajili ya vipimo. Mke wangu alikuwa fundi wa cherehani. Si mshonaji, ni fundi wa kuzitengeneza zikiharibika. Klabu ya mishale iko nyuma ya mtaa wetu, ukipita gereji. Zamani walimletea uzi wa upinde uliochakaa katikati, pale vidole vinaposhika, wakamwomba auzungushie uzi mwembamba juu yake. Akauzungushia, kisha akauliza unakwenda kufanya kazi gani. Wakampeleka kuona.

Alirudi hajielewi. Aliniambia mshale hauendi kama tunavyodhani. Ukitoka kwenye upinde unajipinda huku na huku kama samaki, halafu unajinyoosha wenyewe. Usipojinyoosha, mkia unayumba njia nzima, na hata mtu awe na jicho gani, shabaha hapati. Kuanzia siku hiyo cherehani za watu zikawa zinasubiri zamu.

Kazi yake ilikuwa kupatanisha upinde, mshale na mtu mwenyewe. Nilimtengenezea fremu ya mbao, yenye miguu. Tunabandika gazeti. Mtu anasimama karibu, anapiga, mshale unapita kwenye gazeti na kuingia kwenye boksi nililolijaza matambara. Mshale ulionyooka unaacha tundu safi, duara dogo na alama za manyoya kulizunguka. Ukiyumba, gazeti linachanika. Likichanika kwenda juu, fundo la kwenye uzi, pale mshale unapokaa, haliko mahali pake. Likichanika pembeni, kuna springi ndogo kwenye mpini inayousukuma mshale, inakazwa au inalegezwa. Kwanza juu na chini, ndipo pembeni. Ukianza na pembeni, alisema, utazunguka mpaka jua lizame. Magazeti yale maneno yake sikuyasoma. Matundu niliyasoma yote. Watu walimwita Mama Karatasi, naye akaitika.

Alikuwa na jambo lake moja ambalo mafundi wengine hawakuwa nalo. Alisema kila mpiga mishale ana mikono miwili, wa nyumbani na wa uwanjani. Wa nyumbani umetulia. Wa uwanjani unaogopa, unaubana mpini, vidole vinauchomoa uzi badala ya kuuachia. Upinde ukiurekebisha kwa mkono wa nyumbani, siku ya mashindano utakuwa upinde wa mtu mwingine. Kwa hiyo hakumrekebishia mtu upinde kabla hajautoa ule mkono wa pili.

Kuutoa ni kumchokoza mwenyewe. Kuna jamaa mnene tuliyemwita Kifaru. Mke wangu alimwambia tumbo lake litafika kwenye shabaha kabla ya mshale. Yule bwana alitweta kwa hasira, akapiga, gazeti likachanika vibaya. Mke wangu akasema, haya sasa umefika, usitoke humo ulimo, akachukua bisibisi. Kifaru akaondoka anacheka. Hakuna aliyekasirika zaidi ya siku moja. Alikuwa na ulimi mkali, lakini ulimi wa kazi.

Isipokuwa binti yetu.

Binti yetu anapiga mishale tangu akiwa mdogo, na upinde wake ulikuwa wa klabu, wa kuazimwa. Siku moja alikuja kurekebishiwa, wenzake wa klabu wamejaa kwenye ujia. Alipiga mara ya kwanza, tundu safi. Mara ya pili, safi. Mkono wa uwanjani haukutoka. Mama yake akamtazama, akasema, "Mwanamume kakukimbia, mwanangu. Sasa na mshale nao ukukimbie?"

Mchumba alikuwa amevunja ahadi wiki ile ile. Wenzake walikuwa hawajui.

Alipiga. Gazeti lilichanika mpaka ukingoni. Kisha akaufunga upinde kwenye mfuko, akatoka, akahamia kwa shangazi yake, dada yangu. Akaapa mama yake hataugusa upinde wake tena. Mama yake hakumfuata. Alikaa kwenye kigoda, akalibandua lile gazeti, akalikunja vizuri kama nguo. Akaniambia yule sitamchokoza tena, hata iweje. Nikadhani ni maneno ya siku moja. Yakawa ya miezi.

Katikati ya miezi hiyo moyo wake ukaanza kumsumbua. Daktari alimkataza kubeba vitu vizito, kuvuta upinde, na kukasirika. Akasema mawili atayaweza. Binti hatukumwambia. Mama mtu ndiye aliyekataa.

Sasa, asubuhi ile ya vumbi, chai yangu haijaisha, nikasikia geti. Nikajua kwa mlio wa mfuko ukigonga ukuta. Mke wangu naye alijua, kwa sababu vidole vilisimama kwenye uzi.

Binti aliingia, akanisalimia mimi, "Shikamoo baba." Akauegemeza mfuko ukutani. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

Basi. Hakuna aliyemwangalia mwenzake.

Ikabidi nimuulize mimi. Akaeleza akiwa anautazama ukuta. Asubuhi hiyohiyo kulikuwa na mashindano ya kuchagua watakaosafiri na timu. Wanachukua wawili. Alikuwa ameshakosa miaka iliyopita, na kocha alimwambia wazi: akikosa tena, upinde unarudi klabuni, apewe mtoto anayechipukia. Kununua wake hawezi. Kwa hiyo ni leo, au ndiyo basi, mishale kwake imekwisha. Na mshale unatikisa mkia. Fundi wa klabu ameurekebisha, ameangalia kila kitu, haoni kosa. Mazoezini unanyooka kabisa. Kocha akisimama nyuma na kuanza kuhesabu alama, unaanza kuyumba. Jana jioni mishale yote ilikwenda ovyo.

Mama yake alikuwa tayari amesimama. Alinyoosha mkono. Binti alisita. Kisha akampa upinde.

Mke wangu aliuvuta uzi kidogo tu kwa kidole, akauachia, akasikiliza, kama alivyokuwa akisikiliza cherehani. Akapima umbali wa uzi na mpini kwa shubiri yake. Akatikisa kichwa kwamba ni sawa. Fundi wa klabu kweli hakukosea. Nikabandika gazeti.

Binti alipiga. Tundu safi.

Akapiga tena. Safi, kama limetobolewa kwa mashine.

"Umeona?" akasema. "Hapa haufanyi. Hapa ndio unanifanya mimi mwongo."

Mama yake alilikazia macho gazeti. Nilijua anachofikiria, na binti alijua, na kila mmoja alikuwa anangoja lile neno. Mkono wa nyumbani ulikuwa umetulia tuli. Wa uwanjani unatolewa kwa kuchokozwa, na mchokozaji alikwisha kuapa. Alifungua mdomo, akaufunga. Akatazama saa ya ukutani. Muda ulikuwa unakwenda. Mpiga mishale lazima awahi uwanjani, upinde ukaguliwe. Nikatamani nimwambie mke wangu aseme tu chochote, amtukane hata mimi. Binti akaanza kuufungua mfuko ili aondoke.

"Ngoja," mama yake akasema. Akanigeukia. "Mzee, itoe hiyo fremu kwenye miguu."

Nikaitoa. Sikujua anataka nini. Akaichukua, akasimama ubavuni mwa boksi la matambara, akainyoosha fremu mbele ya boksi, mkono mmoja huku na mmoja kule. Gazeti likawa katikati ya mikono yake. Mshale ungepita hapo.

Nilisema jina lake, jina ambalo huwa naliita tukiwa wawili. Hakugeuka.

"Piga," akamwambia binti.

"Mama, toka hapo."

"Gazeti ni kubwa. Piga katikati."

"Siwezi. Baba, mtoe."

Nikapiga hatua moja. Mke wangu akanikata jicho. Nimeishi na jicho hilo maisha yangu yote, nikasimama. Karibu vile hata mimi ningepiga katikati. Nilijua hivyo.

"Sitakusema kitu," akamwambia binti, taratibu. "Leo sina neno la kukuambia. Nimeshika tu. Piga."

Binti akainua upinde. Akavuta. Niliona mshale unacheza kwenye mpini. Niliona vidole vinaubana mpini mpaka vinabadilika rangi. Alishusha. Akavuta pumzi, akainua tena. Hata gereji ya jirani sikuisikia.

Mshale ulipita. Gazeti lilipasuka, mchaniko mrefu kwenda juu, kisha pembeni.

"Huyu hapa," mke wangu akasema. "Ndiye mgeni wetu."

Aliiweka fremu chini, akaketi kwenye kigoda, upinde magotini. Fundo la kwenye uzi akalikata kwa wembe, akalifunga upya chini kidogo, tofauti yake ni unene wa uzi wa kushonea. Akalipaka gundi, akalipuliza. Nikabandika gazeti jipya. Nikalibandika upande, hakuna aliyenisema.

Akasimama tena na fremu. Binti akaomba, mama, sasa baba ashike. Mama yake akamwambia mkono wake haumwogopi baba yake, asimpotezee muda.

Hapo binti alicheka kidogo, cheko la machozi. Akapiga. Mchaniko wa juu umekwisha. Wa pembeni upo palepale.

Mke wangu akalegeza springi, nusu ya mzunguko wa bisibisi. Wakati huo niliona. Bisibisi iligonga nje ya skrubu. Hakuwa mtu wa kukosa skrubu. Akagonga mara ya pili, ikaingia. Mdomo wake pembeni ulikuwa na jasho, na ujia ule hauna joto asubuhi. Akanitazama, akajua nimeona. Akatikisa kichwa kidogo sana. Usiseme.

Nilielewa. Binti akijua, mkono utabadilika tena. Utakuwa mkono wa mtu anayeuguza mama, si wa uwanjani. Kazi yote itakuwa bure, na yeye ataweka upinde chini, hatakwenda. Nikafyata mdomo. Nikambandikia gazeti.

Akashika fremu. Ilikuwa inatikisika, kidogo, kingo za gazeti zinalia. Binti akadhani ni upepo. Akapiga. Mchaniko ukawa mfupi, kama ukucha.

Robo ya mzunguko. Gazeti jipya. Mimi nilisimama karibu yake safari hii, kwa nyuma, kana kwamba naangalia boksi. Nilikuwa tayari kumdaka.

"Piga, mwanangu."

Vidole vya binti vilikuwa vinatetemeka waziwazi. Uso ulikuwa umelowa. Alivuta, akaachia.

Tundu safi. Duara dogo, na alama za manyoya.

Mke wangu alilitazama kupitia nyuma, mwanga ukipita. Akamwambia, "Tena." Binti akapiga tena, akitetemeka vilevile, na tundu likaingia karibu na lile la kwanza, safi. Mama yake akasema basi, nenda, utachelewa.

Binti alikuja mpaka mbele yake na upinde begani. Nadhani alitaka kumshika. Mama yake alikuwa ameegemea boksi, fremu mbele ya kifua kama mlango. Akamwambia asiuguse tena upinde ule njiani, asiruhusu mtu yeyote auguse, na akifika uwanjani mkono ukianza kutetemeka asishangae. Binti akasema asante mama. Akatoka. Geti likagonga.

Ndipo mke wangu akaiachia fremu ikaanguka. Nilimbeba mpaka kitandani. Hakuwa mzito. Sikujua alipungua lini kiasi kile.

Nilitoka kumtafuta jirani mwenye gari. Mkewe akasema ametoka, akampigia simu, akasema yuko njiani anarudi. Nikarudi ndani, nikakaa. Nikatoka getini, nikarudi. Mke wangu aliniambia nimtulizie hivyo viatu, namkosesha usingizi. Midomo yake ilikuwa imepauka. Nikavivua. Nikawa natembea peku, kwenda getini na kurudi.

Jirani alichelewa. Kulikuwa na foleni, alieleza baadaye, na mimi sina neno naye.

Gari halijafika, simu yangu ikalia. Ni binti. Nyuma yake nilisikia watu wengi na kipaza sauti.

Akasema mishale inanyooka. Yuko nafasi ya tatu, alama moja tu nyuma ya wa pili. Imebaki duru ya mwisho, wamewapa mapumziko mafupi. Lakini mkono unatetemeka, baba, hata chupa ya maji siwezi kuifungua. Kocha ananiambia nitulie, nipumue, nifumbe macho. Nifanyeje? Nipe mama.

Nikamwambia mama amejilaza.

"Muulize basi. Muulize nifanyeje."

Niliweka simu kifuani, nikamwinamia mke wangu, nikamwambia. Nikamwambia pia kwamba nataka kumpa mtoto neno la kumtuliza. Macho yalikuwa yamefumba. Nilidhani hakusikia. Kisha akafumbua, akanijibu, kwa sauti ndogo, kavu. Nje gari likapiga honi.

Sikuwa na muda wa kurudia yote. Nikamwambia binti, "Mama anasema piga tu." Nikakata.

Binti alipita. Alimpita wa pili kwenye mshale wa mwisho. Waliokuwapo waliniambia alisimama mbele ya shabaha anatetemeka kama mtu mwenye homa, kocha amejishika kichwa, na mshale ukaenda umenyooka, mkia haukucheza hata kidogo.

Alitukuta hospitalini, upinde bado begani, namba ya mashindano bado imebandikwa mgongoni. Mama yake alikuwa hawezi kusema tena. Lakini alimchukua mkono wa kulia, akaugeuza, akapapasa ncha za vidole pale uzi ulipoacha alama. Alipapasa kimoja kimoja, anakagua. Binti akamwambia nimepita, mama. Akaendelea kukagua. Hakuamka asubuhi.

Baada ya mazishi watu walipungua, tukabaki wawili. Binti amerudi nyumbani. Timu inasafiri, na upinde umebaki kwake. Juzi nilimkuta kwenye ujia wa nyuma. Amekaa kwenye kigoda. Fremu imeegemezwa ukutani, gazeti la mwisho bado limebandikwa, matundu mawili karibu karibu. Alikuwa amepitisha kidole kwenye moja.

Akaniuliza kama nilijua siku ile kwamba mama anaumwa. Nikasema nilijua. Akauliza kwa nini sikumwambia. Nikamwambia mama yake alinikataza kwa jicho, na jicho lile yeye mwenyewe analijua. Nikachukua ufagio, nikaanza kufagia vumbi la mbao chini ya kigoda, akainua miguu.

"Baba," akasema, "nilipopiga simu. Piga tu, si maneno ya mama. Mama hasemi hivyo. Alisemaje?"

Nikauegemeza ufagio. Nikamwambia kama alivyosema, bila kuongeza wala kupunguza.

"Mwache atetemeke, mzee. Huo ndio mkono niliompimia."